Nani Ana Ruhusa ya Kumcheka Marehemu?

Tanzia ina sarufi yake. Ndani yake mtu hafi: hufariki, hututoka, huaga dunia, huitwa na Bwana. Kufariki, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kutengana. Marehemu ni aliyerehemewa. Hayati, jina la heshima la marehemu, limetokana na neno lenye maana ya uhai. Kitenzi chetu cha Kibantu, kufa, tumewaachia mbuzi, betri za simu na maadui. Isitoshe, kila marehemu alikuwa mpole, mchapakazi na mkarimu. Wenzangu chuoni huuliza: je, wale waliokuwa wakikopa bila kulipa huzikwa wapi? Tunacheka, lakini mbali na uwanja wa kilio.

Sasa ingia katika chumba cha michezo ya video, Kadutu au Bagira. Humo kufa husemwa katika nafsi ya kwanza bila woga wowote: "Nimekufa! Tuanze tena." Kwingineko tunaisema sentensi hiyo kwa ajili ya njaa au kicheko tu. Kadiri damu na milio ya risasi inavyokaribia uhalisia kwenye kioo, ndivyo kifo chenyewe kinavyozidi kuwa chepesi, maana hakuna anayeliliwa.

Lakini iliwahi kutokea aliyeliliwa akaonekana humo. Mchezo wa Call of Duty: Black Ops II, uliotolewa mwaka 2012, unaanzia Angola, kwa jirani zetu, katika vita vya miaka ya 1980. Jonas Savimbi, kiongozi wa UNITA aliyeuawa Februari 2002, amefufuliwa humo, anapigana na kupiga kelele. Mwaka 2016 watoto wake watatu waliipeleka kampuni ya Activision mahakamani Nanterre, Ufaransa, wakidai euro milioni moja, kwa sababu baba yao ameonyeshwa kama katili asiye na akili. Upande wa kampuni ulijibu kwamba Savimbi wa mchezoni ni mtu mwema anayewasaidia mashujaa. Madai ya watoto hayakufaulu.

Nikiwasimulia wenzangu kesi hiyo, hucheka kwanza: mbabe wa vita naye adaiwe heshima? Mimi huchekeshwa zaidi na utetezi ule. Mchezo wa kuua, ulipoitwa mbele ya hakimu, uligeuka tanzia: marehemu alikuwa mtu mwema.

Je, basi ni haramu kumcheka marehemu? Waswahili wanalo jibu, nalo ni utani. Nchini Tanzania, Wangoni na Wahehe ni watani, kama walivyo Wanyamwezi na Wazaramo. Kwenye mazishi, mtani huweza kuigiza mwendo wa marehemu, kutaja uchoyo wake, hata kulizuia jeneza hadi apewe chochote. Wafiwa hawakasiriki, nao hucheka huku wakifuta machozi. Utani mwingine ulizaliwa vitani: Wangoni na Wahehe walipigana vikali katika karne ya 19, kisha wajukuu wao wakarithi mzaha badala ya mikuki.

Ila ruhusa hiyo ina gharama. Mtani huchimba kaburi, huchota maji, hupika, na msiba ukimfika yeye, zamu ya kuchekwa ni yake. Kampuni ya michezo haikuchimba kaburi la mtu yeyote Angola, wala hakuna Mwangola atakayeitwa kuigiza mwendo wa mkurugenzi wake siku ya mazishi.

Suala hili linatuhusu. Bukavu imeona watu wenye silaha wakiingia Juni 2004, ikawaona tena Februari 2025. Huenda siku moja mitaa yetu ikawa uwanja wa mchezo wa video, na wafu wetu wakafufuliwa humo ili wauawe upya. Siku hiyo sitamwuliza mtengenezaji kama picha zake ni za uhalisia. Nitamwuliza kama alifika kilioni.