Picha na Maneno Yake: Jinsi ya Kuingia katika Maonyesho ya Sanaa ya Leo

Wanafunzi wengi wa lugha huona kwamba maonyesho ya sanaa hayawahusu. Husema hayo ni mambo ya wachoraji, ya matajiri, au ya wageni wanaofika siku ya ufunguzi, kunywa na kuondoka. Mimi nashika upande mwingine. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiingia katika maonyesho kila nafasi inapopatikana, na jambo ninalolikuta humo kila mara ni lugha: majina ya kazi, maelezo yaliyobandikwa ukutani, maneno ya muuzaji, maswali ya watazamaji. Picha haisafiri peke yake. Husafiri na maneno, na anayeyatoa maneno hayo huamua sehemu kubwa ya maana yake. Katika makala hii nataka kueleza milango ambayo sanaa ya leo hupitia mpaka itufikie, namna ya kuisoma tukiwa mbele yake, na kwa nini kitivo kama chetu kina kazi ya kufanya humo.

Tuiite nini?

Tuanze na jina lenyewe. Kifaransa kina maneno mawili, moderne na contemporain. La kwanza hutumika kwa sanaa iliyoanza katika nusu ya pili ya karne ya 19 na kuendelea hadi katikati ya karne ya 20. La pili ni kwa sanaa iliyofuata mpaka sasa. Kiswahili huyafunika yote mawili kwa neno moja: sanaa ya kisasa. Tena, kwetu "kisasa" husimama kinyume cha "jadi", kana kwamba mchongaji wa vinyago aliye hai leo si mtu wa leo. Ndiyo maana napendelea kusema "sanaa ya leo", yaani kazi za wasanii wa wakati wetu, ziwe za rangi, picha za kamera, video, nguo, sauti au vitendo vya mwili mbele ya watu.

Neno "msanii" nalo lina mambo yake. Mjini Lubumbashi au Kinshasa, ukisema artiste, wengi humfikiria mwanamuziki kwanza. Nchini Tanzania, katika mazungumzo ya mitaani, "usanii" waweza kumaanisha ujanja wa kudanganya watu. Kwa hiyo hata kabla ya kuingia mlangoni tumeshakutana na somo la maana.

Milango mitatu

Mlango wa kwanza ni galeri. Galeri ni nyumba ya kuonyesha na kuuza kazi za sanaa. Haipokei kila anayebisha hodi. Huchagua wasanii wachache, huwaonyesha kwa zamu, na onyesho moja hudumu wiki kadhaa. Kazi ikiuzwa, bei hugawanywa kati ya galeri na msanii, na mgawanyo wa nusu kwa nusu ni wa kawaida. Anayesikia hivyo mara ya kwanza huona msanii ameibiwa. Lakini galeri inayofanya kazi yake sawasawa hulipia ukumbi, hutafuta wanunuzi, huzungumza na makumbusho, huchapisha vitabu vya maonyesho na huandika maelezo. Jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui ni hili: kwa kawaida kuingia galeri ni bure, na hakuna anayekulazimisha kununua.

Mlango wa pili ni soko la sanaa, ambalo Wafaransa huliita foire. Hapo galeri nyingi hukutana chini ya paa moja kwa siku chache. Kila galeri hukodi kibanda, na kwa kuwa kodi hiyo si ndogo, huleta kazi inazotumaini zitauzwa upesi. Wateja walioalikwa huingia kwanza. Umma hufuata baadaye kwa tiketi. Mara nyingi bei haziandikwi, mtu huuliza. Ukiona kidoa chekundu kando ya kazi, ujue imeshauzwa. Soko maarufu la Art Basel lilianza Uswisi mwaka 1970. Kwa upande wa Afrika, Touria El Glaoui, mwanamke kutoka Moroko, alianzisha 1-54 mjini London mwaka 2013. Jina lake ni hesabu: bara moja, nchi 54. Baadaye soko hilo lilifika New York na Marrakech. Lagos ilipata soko lake, Art X, mwaka 2016. Tuzingatie kwamba 1-54 lilizaliwa nje ya bara, kwenye wanunuzi, na ndiyo maana hata lugha ya vibanda vyake ni ile ya wanunuzi.

Mlango wa tatu ni bienale, maonyesho makubwa yanayofanyika kila baada ya miaka miwili. Yale ya Venice yalianza mwaka 1895. Hapa hakuna vibanda vya kuuza. Kuna mteuzi, mtu mmoja au kundi, anayechagua mada na kuwaalika wasanii waijibu kwa kazi zao. Mlango huu tunao nyumbani. Chama cha Picha, kilichoanzishwa na wasanii na waandishi wa Lubumbashi, kiliandaa maonyesho yake ya kwanza mwaka 2008, na hayo ndiyo yaliyokua yakawa Bienale ya Lubumbashi. Jina la chama si la Kifaransa. Ni neno la Kiswahili, tulilolipata kutoka Kiingereza na kulifanya letu kabisa. Mwaka 2022 mada ya bienale hiyo ilikuwa sumu, na katika mji wa migodi neno hilo halihitaji kamusi.

Kazi moja yaweza kupita milango yote mitatu, na kila mlango huivika maneno mengine. Kwenye galeri utasikia maisha ya msanii. Kwenye soko utasikia ukubwa, bei na nani mwingine amenunua. Kwenye bienale utasikia mada. Picha ni ileile.

Kusoma kibandiko

Kando ya kazi huwa kuna karatasi ndogo ambayo kwa Kifaransa huitwa cartel. Mimi huiita kibandiko. Mpangilio wake haubadiliki sana: jina la msanii, pengine na mwaka na mahali alipozaliwa, jina la kazi, mwaka ilipotengenezwa, vitu ilivyotengenezwa navyo, vipimo, aghalabu urefu kwenda juu kwanza, kisha upana. Kwa picha za kamera utaona pia namba kama 2/5, maana yake hii ni nakala ya pili kati ya nakala tano tu zitakazotolewa. Kamera yaweza kutoa nakala elfu. Uchache huo ni wa makusudi, na bei husimama juu yake. Mstari wa mwisho hutaja mwenye kazi au aliyeiazima. Usiuruke. Hukuambia picha ya kwetu inalala wapi usiku.

Ushauri wangu ni kutazama kwanza dakika mbili au tatu bila kusoma, kisha kujiuliza maswali matatu: Ninaona nini? Imetengenezwa kwa nini? Nani anasema nami, na kwa lugha gani?

Chukua mfano wa mfululizo wa Sammy Baloji uitwao Mémoire, wa mwaka 2006. Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na alisoma katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, upande wa barua na sayansi za binadamu, si katika shule ya uchoraji. Katika kazi hizo, wafanyakazi na maofisa wa wakati wa ukoloni, waliokatwa kutoka picha za zamani zisizo na rangi, wamesimamishwa mbele ya viwanda vya Gécamines vilivyochakaa, vilivyopigwa picha ya rangi. Anayetazama bila kusoma huona kwanza kwamba watu na mahali havikubaliani: wao wana umri mmoja, mahali pana umri mwingine. Akifika kwenye kibandiko na kukuta neno "kumbukumbu", ameshaanza kuielewa kazi kwa macho yake mwenyewe. Angeanza na kibandiko, angeona kile tu alichoambiwa.

Picha inaposema lugha yake

Wapo wasanii wasiotaka kuyaacha maneno mikononi mwa wengine. Chéri Samba, aliyezaliwa mwaka 1956 na kufanya kazi Kinshasa, alianza katika miaka ya 1970 kuandika maneno ndani ya picha zake. Sababu yake ilikuwa ya mtaani: mpita njia hutupa jicho na kwenda zake, lakini akikuta maandishi husimama ayasome. Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris katika Magiciens de la terre, maonyesho yaliyomfungulia njia ya dunia. Ameandika kwa Kifaransa na kwa Lingala. Mtazamaji wa Ulaya asiyejua Lingala huona rangi na huikosa dhihaka. Aliyelipa bei kubwa amenunua nusu ya picha.

Tazama pia mamba-muntu, picha ambayo wachoraji wa Katanga waliirudia mara nyingi na kuiuza kwa familia za mjini. Ni mwanamke mwenye mkia wa samaki, na katika vitabu vya Kifaransa huwa sirène. Lakini sirène hana mamba ndani yake. Jina letu linasema kiumbe huyu ni mtu na ni mamba: anayevutia na anayemeza. Kibandiko kikiandikwa sirène tu, hatari ya picha imefutwa kwa neno moja.

Mfano ulio mzito zaidi ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 katika mji uliokuwa ukiitwa Elisabethville. Alichora juu ya nguo za magunia ya unga na alitembeza kazi zake nyumba kwa nyumba, bila galeri wala soko la sanaa. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian, mwanaantropolojia aliyekuwa akifundisha Lubumbashi, picha zaidi ya mia moja za historia ya nchi, tangu kabla ya ukoloni hadi wakati wake. Kila mara alipoleta picha aliieleza, na maelezo yalirekodiwa. Aliyaeleza kwa Kiswahili cha kwetu, kile cha Shaba. Kitabu cha Fabian kilipotoka mwaka 1996, masimulizi hayo yalisomwa kwa Kiingereza. Baadaye maandishi ya Kiswahili nayo yaliwekwa kwenye intaneti. Picha zenyewe ziko Amsterdam, katika makumbusho yaliyokuwa yakiitwa Tropenmuseum. Tshibumba mwenyewe hajulikani alipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Fikiria kama kinasa sauti kisingekuwapo. Zingebaki picha za askari, treni, wafalme na wafungwa, na kila mtaalamu angezipa maneno yake. Kwa kuwa sauti ipo, tunajua neno ambalo wachoraji na wanunuzi wa Katanga walilitumia kueleza kazi ya picha hizo: ukumbusho. Halina maana ya pambo, wala ya kumbukumbu iliyotulia kichwani. Ni kitu kinachomkumbusha mtu, kinachomwamsha afikiri na azungumze. Mfanyakazi aliyetundika sebuleni picha ya Colonie belge, pale mfungwa anapopigwa fimbo mbele ya mzungu, alitaka mgeni akiketi aulize, na mazungumzo yaanze. Neno hilo moja hufafanua uchoraji wetu kuliko kurasa nyingi zilizoandikwa juu ya "sanaa ya watu" pasipo kuwasikiliza watu hao.

Kazi ya kitivo

Hapo ndipo naona wajibu wetu. Mjini Lubumbashi kuna Makumbusho ya Taifa, kuna Halle de l'Étoile, kuna Picha na bienale yake, na kuna wachoraji wanaofanyia kazi majumbani. Wazee kati yao wana maelezo ambayo hayajaandikwa popote. Wakiondoka, picha zitabaki bubu, na maneno yatakayowekwa kando yake yatatoka mbali.

Napendekeza mazoezi mepesi ambayo walimu wetu wanaweza kuyapokea katika kozi za tafsiri na za isimu. Kila mwanafunzi achague kazi moja katika maonyesho, aitazame kwanza, kisha azungumze na msanii kwa Kiswahili na kurekodi kwa idhini yake. Baadaye aandike kibandiko cha Kiswahili: jina, vitu vilivyotumika, na maelezo ya maneno 80. Atagundua mara moja mahali lugha inapobana. Installation tuiite nini? Mimi nimejaribu "kazi ya kusimikwa". Performance je? "Onyesho" limeshashikwa na maana nyingine. Huenda msanii mwenyewe, au mama anayeuza maji nje ya ukumbi, ana neno bora kuliko letu, tuliandike hilo.

Ndugu msomaji, onyesho litakapofunguliwa tena mjini, nenda na daftari. Kinywaji cha bure kinywe ukipenda, lakini kwanza mtafute msanii, simama naye mbele ya picha yake, na umwulize kwa Kiswahili: hii inatukumbusha nini?