Kadi ya banki irudi mu mufuko wa mwenye kutumika

Siku ya paie inapofika, ku Kolwezi sawa vile ku Likasi, si kila mutumishi anaenda ku banki. Wengine wanabaki nyumbani, kwa sababu kadi yao haiko kwao. Iko kwa mukopeshaji, pamoja na kode. Yeye njo anatoa feza, anakata yake, na kinachobaki njo analeta. Ile biashara sisi wote tunaiita «banque Lambert», lakini si banki: haina guichet, haina karatasi, haina mahali pa kupeleka malalamiko.

Sisi wa sendika tunasikia habari hizo kila mara, na zinaanza namna moja: kilio mu familia, mutoto mugonjwa, minervali ya Septemba. Watu hawakopi kwa upumbavu. Wanakopa kwa sababu mulango ule uko wazi, na wa banki umefungwa.

Tufanye hesabu. Mutu anakamata dola 100, kwa faida ya 50 kwa mia kila mwezi. Mwisho wa mwezi anaombwa 150. Hana, basi analipa ile 50 tu. Mwezi unaofuata vilevile. Kisha miezi 6 amekwisha kutoa dola 300, na ile 100 ya kwanza iko palepale.

Wazee wetu walijua maisha mengine. Wakati wa Union Minière, na mu miaka mizuri ya Gécamines, mutumishi alipata poso ya unga, nyumba, hospitali na masomo ya watoto. Gécamines ilipoanguka, mishahara ikachelewa miezi na miezi, na mwaka 2003 watumishi zaidi ya 10 000 wakaingia mu ile «départ volontaire». Familia zikazoea kuishi na deni la duka. Mazoea yale yangali mu nyumba zetu.

Namna gani kutoka? Kwanza, andikeni madeni yote ku karatasi moja, bwana na bibi pamoja. Deni lenye kufichwa mu nyumba linazaa lingine. Kisha muende kwa mukopeshaji na mushahidi. Muombe faida isimame, ile feza ya kwanza ikatwe vipande, na kila malipo yaandikwe na kutiwa sinyatire. Musikimbie deni, lakini kadi irudi. Kadi si garanti: kontra ya banki inakataza kumupa mutu mwingine kode yako. Siku inaporudi, badilisha kode siku ileile.

Pili, ujenge jina lako. Mu mikrofinansi na mu coopec kuko mukopo wenye garanti ya akiba: unaweka mufano dola 100, zinafungwa, na wewe unakopeshwa. Watu wanatuuliza: «Njo feza yangu, naikopa tena ya nini?» Jibu ni hili: unanunua jina. Banque Centrale du Congo iko na Centrale des risques, kule banki na mikrofinansi zinapeleka habari za mikopo ya wateja wao. Mwenye kulipa banque Lambert miaka 3 bila kukosa siku, hakuna banki inayojua. Mwenye kulipa mukopo mudogo wa coopec miezi 6, jina lake limeandikwa. Lakini faida unalipa, basi ukamate kidogo, kwa muda mufupi, na usichelewe hata siku moja.

Tatu, usilale pale. Wengine wanabaki miaka na akiba yenye kufungwa, kwa sababu hakuna mutu aliyewaambia kwamba mulango mwingine uko. Mukopo wa kwanza ukiisha, omba karatasi inayoonyesha deni limekwisha, na omba akiba yako ifunguliwe. Kisha omba mukopo juu ya mushahara, bila akiba ya kufungwa. Watatazama mambo matatu: mushahara unapita kwao tangu lini, kontra yako ni ya namna gani, na madeni mengine uko nayo mangapi.

Hapo kwa kontra njo tunaumia. Mwenye kontra ya kudumu anasikilizwa. Ndugu yetu wa sous-traitance, mwenye kontra ya miezi 6 inayofanywa upya kila mara, anatumika mu shimo lilelile lakini banki inaogopa kumukopesha kupita mwisho wa kontra. Anarudi kwa Lambert. Kwa hiyo, tunapodai kontra za kudumu, tunadai pia mutumishi aweze kukopa kama mutu mwenye heshima.

Mbele ya kutia sinyatire, uliza: jumla nitalipa ngapi, pamoja na faida, frais de dossier na assurance? Deni ni la dola ao la franka? Kama unalipwa mu franka na deni ni la dola, franka ikianguka deni linapanda. Code du travail ya mwaka 2002 inaweka mupaka wa sehemu ya mushahara inayoweza kukatwa. Na usitie sinyatire ya aval kwa rafiki kama huwezi kulipa deni lake lote: asipolipa, jina linaloharibika ni lako pia.

Mama wa likelemba, kazi yenu ni nzuri. Lakini zamu yenu ikifika, feza ile imalize kwanza deni la Lambert, ao iende mu akiba ya coopec. Ikipita mu nguo na mu sherehe, mwezi unaofuata tunarudi palepale.

Mwenye kadi yake iko inje, aje kuona délégué wake mbele ya paie inayokuja, na buletini ya mushahara mu mukono. Hatutauliza kwa nini alikopa. Tutakaa chini, tutafanya hesabu naye, na tutamusindikiza kwa mukopeshaji.