Kuondoa Weupe wa Nyuma katika Picha za Kufundishia

Picha ni nguzo mojawapo ya ufundishaji katika madarasa ya chini. Mtoto asiyeweza bado kusoma neno "kuku" humtambua kuku mara amwonapo. Hata hivyo, mchoro uliopigwa picha kwa simu huingia katika kompyuta pamoja na karatasi yake. Mwalimu atakapo kumweka kuku huyo juu ya meza au chini ya mti, ili afundishe maneno ya mahali, huona pande la weupe likifunika meza na mti. Mtoto akiulizwa kuku yuko wapi, aweza kujibu kuwa yumo ndani ya sanduku. Wala hatakuwa amekosea, kwani ndivyo aonavyo.

Kwa mkasi na gundi, mkono wa mwalimu hujua kuku anaishia wapi na karatasi inaanzia wapi. Kompyuta haimjui kuku. Inajua rangi tu. Katika picha ya kawaida kila nukta huandikwa kwa namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Nyeupe kamili ni 255 katika zote tatu. Kuamua kipi ni kuku na kipi ni karatasi kunabaki kuwa kazi ya mwalimu.

Hatua za kufuata

Tutumie GIMP, programu isiyolipiwa, ambayo ikishawekwa katika kompyuta hufanya kazi bila intaneti.

1. Fungua nakala ya picha. Picha ya asili ihifadhiwe.

2. Katika menyu ya tabaka, sehemu ya uwazi, ongeza chaneli ya alfa. Pasipo chaneli hiyo, mahali palipofutwa hujazwa rangi nyingine badala ya kuwa wazi.

3. Bonyeza herufi U upate chombo cha kuchagua, kisha gusa weupe ulio nje ya kuku. Programu itachagua nukta zote zinazopakana zenye rangi inayokaribiana na ile uliyoigusa.

4. Bonyeza kitufe cha Delete. Vijiraba vya kijivu vikitokea, mahali hapo pamekuwa wazi.

5. Toa picha kwa muundo wa PNG. Muundo wa JPEG hauhifadhi uwazi.

Matatizo na tiba zake

Tatizo la kwanza ni weupe ulio sehemu ya kitu chenyewe. Tuseme umechora kikapu cha mayai kwa somo la kuhesabu. Ukitumia chombo kinachochagua rangi moja popote ilipo, mayai nayo yatatoweka. Chombo cha herufi U hukomea kwenye mstari wa mchoro. Lakini mstari ukiwa na pengo, uchaguzi hupenya ndani kama maji katika ufa wa mtungi. Kwa hiyo chora kwa wino mweusi, na mistari ifungwe.

Tatizo la pili ni kivuli. Karatasi yenye kivuli si nyeupe kwa kompyuta, bali ya kijivu. Unaweza kuongeza kidogo kidogo kiwango cha tofauti ya rangi inayokubaliwa. Ukikizidisha, manyoya ya rangi hafifu yataliwa. Tiba bora ni kupiga picha penye mwanga ulioenea sawasawa.

Tatizo la tatu ni ukingo mweupe unaosalia kuzunguka mchoro. Kabla ya kufuta, panua eneo lililochaguliwa kwa nukta 1.

Kabla ya kuipeleka picha darasani, iweke juu ya rangi iliyokoza uikague. Kasoro isiyoonekana juu ya karatasi nyeupe itajidhihirisha hapo.

Zoezi

Chora kikapu chenye mayai 5 na uondoe weupe wa nyuma kwa hatua zilizotajwa. Kisha mwonyeshe mtoto wa Darasa la Kwanza, umwambie ayahesabu. Asipofikia 5, chunguza mistari yako kabla ya kumsahihisha mtoto.