Saratani ya Shingo ya Kizazi: Akina Mama wa Manda Wasingoje Maumivu

Kisiwa cha Manda kimeelekeana na mji wa Lamu, na mkono wa bahari ulio baina yao ni mwembamba. Huko Maweni wanaume huchonga mawe ya kujengea, na wanawake wengi hupata riziki yao kwa kuponda kokoto. Mama anayetaka kwenda hospitali kuu ya Lamu hana budi kupanda chombo, kulipa nauli, na kuacha kazi ya siku nzima. Si ajabu basi akisema, “Siumwi, nivuke kwa nini?”

Lakini uko ugonjwa ambao haufai kungojewa mpaka uume, nao ni saratani ya shingo ya kizazi, yaani mlango wa tumbo la uzazi. Mwanzoni hauna maumivu. Damu itokayo baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma kwa utu uzima, uchafu wenye harufu mbaya, na maumivu ya kiuno, mara nyingi huonekana ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea. Mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba wanawake zaidi ya 3,200 walikufa kwa saratani hii katika Kenya.

Asili yake si uchawi wala laana. Huletwa na virusi viitwavyo HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Watu wengi huvipata, hata waliotulia katika ndoa, na miili ya wengi huvishinda yenyewe. Visiposhindwa, kwa kawaida hupita miaka 15 mpaka 20 kabla ya saratani kutokea. Kwa mwenye Ukimwi asiyetibiwa muda huwa mfupi zaidi. Miaka hiyo ndiyo nafasi ya kuokoka.

Njia moja ya kupima hutumia kitu kijulikanacho jikoni: siki. Muuguzi hupaka siki hafifu juu ya mlango wa kizazi, akangoja kama dakika moja. Mahali penye dalili hugeuka peupe. Weupe huo si lazima uwe saratani. Mara nyingi hutibiwa kwa kugandishwa na baridi kali, pengine siku ile ile. Mama mwenye haya aombe kupimwa na muuguzi mwanamke.

Wasichana nao wana kinga. Mwezi wa Oktoba 2019 Serikali ya Kenya ilianza kuwachanja wenye umri wa miaka 10. Uvumi kwamba chanjo hiyo huondoa uzazi si kweli. Hata hivyo, aliyechanjwa apimwe pia akiwa mtu mzima, kwani chanjo haizuii kila aina ya virusi hivyo.

Basi mama aliyetimiza miaka 25 na avuke akapimwe, na mumewe amsaidie nauli. Ujira wa siku moja hupatikana tena. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na watu wa Maweni wanajua vema uzito wa mawe ya ukuta.