Kilima Kilichotajwa Mara Tatu: Mabadiliko ya Jina la Kijiji cha Breedon on the Hill, Uingereza

Majina ya mahali huhifadhi ushahidi wa mwingiliano wa lugha hata pale ambapo lugha mojawapo imekwisha kutoweka. Makala haya yanafafanua hoja hiyo kwa kurejelea Breedon on the Hill, kijiji cha kaunti ya Leicestershire, Uingereza.

Jina hilo lina matabaka matatu. Tabaka la kwanza ni la Kibritoni, lugha ya Kikelti iliyotangulia Kiingereza nchini humo. Neno lake lenye maana ya kilima ndilo chimbuko la silabi ya kwanza. Kuanzia karne ya 5 walifika wazungumzaji wa Kiingereza cha Kale. Hao walilipokea neno hilo kama jina tu, wakaliambatanishia neno lao, dun, lenye maana ileile. Mwaka 731 mtawa Bede, katika historia yake ya kanisa, aliandika kwamba Tatwine, askofu mkuu mpya wa Canterbury, alitoka katika monasteri ya Briudun. Baadaye dun ilidhoofika kimatamshi ikawa -don, maana yake ikafifia, na kirai on the Hill, yaani “juu ya kilima”, kikaongezwa. Kila kizazi kilifasiri upya kile ambacho hakikukielewa tena.

Utaratibu huu si mgeni Afrika Mashariki: katika jina Ziwa Nyasa, neno nyasa lenyewe humaanisha ziwa katika Kiyao.

Umuhimu wa maandishi ya kale unadhihirika hapa. Anayetazama tahajia ya leo pekee angeweza kulihusisha jina Breedon na kitenzi cha Kiingereza breed, “kuzalisha mifugo”. Umbo lililoandikwa na Bede ndilo linalozuia kosa hilo.

Aidha, uchimbaji wa mawe ya chokaa umekwisha kumega sehemu kubwa ya kilima chenyewe, pamoja na sehemu ya ngome ya Zama za Chuma. Kanisa la kale limesalia karibu na ukingo wa machimbo. Kilima kinapungua ilhali jina lingali likikishuhudia.

Kwa hiyo, mamlaka zinazosanifisha majina ya mahali hazina budi kuhifadhi, kando ya tahajia rasmi, maumbo yote ya awali pamoja na tarehe zake. Usanifishaji usio na kumbukumbu hiyo hufuta ushahidi ambao ardhi yenyewe huenda isiweze kuurudisha.