Shimo la Mkahawa wa De Munt

Paukwa! Pakawa!

Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina kreti za soda, shimo, na mtu aliyebanwa haja. Nayo ilitokea kweli, jijini Amsterdam, Uholanzi, katika mkahawa wa De Munt.

Mkahawa huo ulikuwa na ghala chini ya sakafu, na mfuniko wake ulikuwa palepale sakafuni, njia ya kwendea msalani. Siku hiyo mfanyakazi wa Coca-Cola alileta soda. Akafunua mfuniko, akaendelea na kazi yake, shimo likabaki wazi. Mteja akaingia, akashika njia ya msalani bila kutazama chini. Pu! Akatumbukia, akaumia mguu vibaya.

Nani alipe? Hoja ya kampuni, kwa Kiswahili cha nyumbani, ilikuwa mwenye macho haambiwi tazama. Kesi ikapanda mpaka Hoge Raad, mahakama ya juu kabisa ya Uholanzi, ikaamuliwa tarehe 5 Novemba 1965. Majaji hawakukubaliana na kampuni. Anayeacha shimo wazi, walisema, asitegemee kwamba kila mtu atakuwa makini. Ajiulize: ni rahisi kiasi gani mtu kupitiwa hapa? Akipitiwa, ajali itatokea? Ikitokea, ataumia sana? Na je, kuizuia ni kazi kubwa? Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote, maana jibu lake linatia aibu: hata kiti kimoja kando ya shimo kingesaidia.

Mteja naye hakusalimika. Kampuni ilibebeshwa nusu tu ya hasara, nusu nyingine ikawa yake kwa kutoangalia anakokwenda. Mimi ningempa fidia zaidi ya hiyo.

Wanasheria wa Kiholanzi huuita wajibu huu zorgplicht: kuangalia usije ukawadhuru wengine. Ukiukaidi, mtu akaumia, wewe ni aansprakelijk, yaani unadaiwa fidia. Maneno hayo hujaa kwenye barua za mawakili wao, na huwatisha watu kuliko yanavyostahili.

Nusu karne baadaye, aliyesimamishwa kizimbani alikuwa serikali yenyewe. Taasisi ya Urgenda, ikiwasemea pia wananchi 886, ilidai kwamba serikali inazembea huku hewa chafu ikiipasha dunia joto. Mwaka 2015 mahakama ya The Hague ikaipima serikali kwa maswali yaleyale ya mwaka 1965, ikaiamuru ipunguze hewa hiyo kwa angalau asilimia 25 kufikia mwisho wa 2020, ikilinganishwa na mwaka 1990. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa. Ikaenda Hoge Raad, na huko majaji wakaegemea haki za binadamu, lakini jibu halikubadilika: tarehe 20 Desemba 2019 serikali ilishindwa tena, na amri ikabaki palepale.