Simba, makocha watatu na Kombe la FA

Desemba 22, 2017, Simba ilishuka dimbani Azam Complex, Chamazi, ikiwa bingwa mtetezi wa Kombe la Shirikisho, ambalo mashabiki wengi tunaliita Kombe la FA. Mpinzani wake alikuwa Green Warriors, timu ya Daraja la Pili. Dakika 90 zikaisha kwa sare ya 1-1, zikapigwa penalti, na Green Warriors wakashinda 4-3. Siku iliyofuata Kocha Joseph Omog kutoka Cameroon akafutwa kazi.

Uamuzi ule uliwapoza mashabiki, lakini naamini uliifunika shida yenyewe. Lawama zote alitwishwa mtu mmoja, akaondoka nazo.

Mwaka mmoja baadaye benchi lilikuwa na Mbelgiji, Patrick Aussems, na Simba ilikuwa moto wa kuotea mbali. Desemba 23, 2018 iliifunga Nkana ya Zambia 3-1 jijini Dar es Salaam, ikageuza kipigo cha 2-1 ilichokipata Kitwe na kutinga hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Bao la kisigino la Clatous Chama lilikuwa bado linasimuliwa mitaani pale Simba iliporudi uwanjani siku tatu baadaye kucheza Kombe la FA na Mashujaa ya Kigoma, ambayo wakati huo haikuwa hata Ligi Kuu. Mashujaa wakashinda 3-2. Kikosi kilichofika robo fainali ya Afrika msimu ule kilitolewa kombe la nyumbani na timu ambayo mashabiki wengi hawakuwa wakiijua hata jezi yake.

Huwezi kusema Simba ile haikuwa na wachezaji. Ilichokosa ni hofu, ile hofu yenye afya inayomfanya beki amkabe mshambuliaji asiyemjua kama anavyomkaba aliyemwona kwenye televisheni. Hofu hiyo huanza kufa mapema, siku ya droo. Vijiweni hakuna anayeuliza nani atashinda. Ubishi ni mabao mangapi. Mechi inabatizwa jina la kupasha misuli, wachambuzi wanahamia kwenye mchezo unaofuata, na mchezaji anayesikia hayo wiki nzima ni binadamu. Upande wa pili kuna kijana ambaye hiyo ndiyo mechi yake ya mwaka. Anajua kwamba dakika 90 nzuri mbele ya Simba zinaweza kumpatia mkataba.

Watani wa Simba, Yanga, hawana cha kuwacheka. Aprili 2017 Yanga, waliokuwa wakishikilia kombe hilo, walitolewa nusu fainali kwa bao 1-0 na Mbao FC pale CCM Kirumba, Mwanza. Mbao hao hao wakaipeleka Simba hadi dakika za nyongeza kwenye fainali ya Dodoma kabla ya kulala 2-1. Onyo lilitolewa hadharani, miezi michache tu kabla ya Chamazi.

Aprili 9, 2024, katika kombe lile lile, kocha wa Simba alikuwa Mwalgeria, Abdelhak Benchikha. Siku nne kabla, Simba ilikuwa Cairo ikitolewa na Al Ahly kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Safari hii Mashujaa walikuwa wameshapanda Ligi Kuu, na waliwasubiri nyumbani, Uwanja wa Lake Tanganyika. Sare ya 1-1, penalti 6-5, Simba nje. Uchovu ulikuwepo, sikatai. Lakini uchovu hauelezi mwaka 2018, na penalti haziwezi kuitwa bahati mbaya wakati timu kubwa imeshindwa kumaliza kazi kwa dakika 90.

Omog, Aussems, Benchikha: nchi tatu na mifumo mitatu, na jambo lile lile likawakuta wote. Uongozi unaotafuta chanzo kwenye benchi la ufundi peke yake utaendelea kubadilisha makocha.

Mashujaa nao wanadaiwa haki yao. Wameitoa Simba mara mbili, Dar es Salaam na Kigoma, na mara zote mbili tulitumia kurasa kueleza Simba ilivyopoteza. Namna walivyoshinda, nani aliwapanga na walijiandaa vipi, tuliyapa mistari michache sana.